Baba anaomba sahihi yangu, nami nimetoka kuliona jumba la Stowe: wenyewe walilipotezaje?

Swali: "Mimi ni Mtanzania, ninaishi Milton Keynes. Majuzi tulikwenda na watoto kutembea Stowe. Bustani iko chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi urithi, lakini lile jumba lenyewe limejaa wanafunzi. Tulielezwa kwamba familia iliyolijenga ilikuwa kati ya matajiri wakubwa wa Uingereza, kisha ikafilisika. Mwenzangu kazini anasema serikali iliwanyang'anya. Mume wangu anasema walianguka kwa sababu utumwa ulikomeshwa, na mali ya dhuluma haidumu. Ukweli ni upi? Nina sababu nyingine ya kuuliza. Baba yangu yuko Tanga, anataka kuiweka nyumba ya familia dhamana benki ili anunue shamba la pili. Mimi na kaka yangu majina yetu yamo kwenye hati, kwa hiyo anahitaji sahihi zetu. Nikisita anasema Ulaya imenibadilisha. Nimeliona lile jumba, sijalala vizuri tangu siku hiyo. Watu wenye mali kiasi kile waliipotezaje?"

Jibu:

Dada, umeuliza historia, lakini kinachokukosesha usingizi ni sahihi. Haya mawili yanakaribiana kuliko unavyodhani. Stowe haikupotea kwa moto, wala kwa vita, wala kwa amri ya serikali. Mlango wa kuipoteza ulifunguliwa mwaka 1844, kijana mmoja alipotimiza miaka 21 na kukubali kutia sahihi aliyoombwa na baba yake. Nitafika huko, ila kwanza tuyaweke sawa hayo uliyoambiwa.

Serikali haikumnyang'anya mtu Stowe. Tangu karne ya 16 mpaka leo, mali ile imehama kwa urithi, kwa ndoa, kwa mnada na kwa kutolewa kama zawadi. Mwenzako huenda anachanganya na Ufaransa au Urusi, ambako mapinduzi yalifagia majumba ya makabaila. Uingereza kazi hiyo ilifanywa zaidi na wadai.

Hoja ya mume wako inahitaji jibu refu, kwa sababu nusu yake ni kweli. Familia hii ilikuwa na mkono katika utumwa. Mwaka 1796 mrithi wa Stowe alimwoa Anna Eliza Brydges, binti pekee wa mtawala wa mwisho wa ukoo wa Chandos (namaanisha duke, cheo cha juu kabisa cha ukabaila, si mtawala wa nchi), na pamoja naye likaja shamba la miwa la Hope, nje kidogo ya Kingston, Jamaica. Mtoto wao, ambaye ndiye atakayefilisika, alikuwa msemaji wa wenye mashamba ya Karibi bungeni. Sheria ya 1833 ilipokomesha utumwa, bunge lilitenga pauni milioni 20 za fidia, na fidia hiyo walilipwa waliomiliki watu. Waliotumikishwa hawakupata hata senti. Kwa watu 379 wa shamba la Hope, bwana huyo alipata pauni 6,630.

Sasa linganisha. Miaka michache baadaye madeni yake yalikuwa yamepita pauni milioni moja. Kukomeshwa kwa utumwa kulimpa fedha taslimu, na hata kama mapato ya sukari yalishuka baadaye, shamba moja la Jamaica lisingeweza kuziba wala kuchimba shimo la ukubwa ule. Dhuluma ilikuwepo na isifichwe. Lakini ukisema ndiyo iliyowaangusha, unaipa historia uadilifu ambao haikuwa nao: wenye mashamba wengine walichukua fidia yao, wakaitia kwenye reli na hisa, wakazidi kunenepa.

Basi fedha zilitoka wapi, na zikaenda wapi?

Zilianza na kondoo. Ukoo wa Temple walikuwa wafugaji. Peter Temple aliikodi ardhi ya Stowe mwaka 1571, na mwanawe John akainunua moja kwa moja mwaka 1589. Karibu miaka 100 baadaye mjukuu wa ukoo akajenga nyumba ya matofali, ambayo bado imefichwa katikati ya hilo jumba uliloliona. Mwanawe, Viscount Cobham, alikuwa jenerali. Alimwoa binti wa tajiri wa kiwanda cha bia cha London, akapata fedha za kuota ndoto. Yeye ndiye mwenye bustani. Waliomfanyia kazi ni wasanifu wa majengo na bustani, kina Vanbrugh, Bridgeman, Gibbs na Kent, na kijana mmoja mtunza bustani aliyeajiriwa 1741, Lancelot Brown, ambaye baadaye alibadilisha sura ya mashamba ya nusu ya makabaila wa nchi ile.

Cobham aligombana na waziri mkuu Walpole, akavuliwa kikosi chake mwaka 1733, na bustani ikageuka hotuba ya siasa. Kulikuwa na hekalu zima la kusifu fadhila za kale. Karibu yake akajenga jingine, gofu la makusudi, akaliita hekalu la fadhila za siku hizi, na ndani yake sanamu isiyo na kichwa. Wageni walijua anasemwa nani. Mimi kejeli hiyo hunichekesha kila nikiifikiria: mtu anatumia fedha kujenga kitu kilichokwisha bomoka.

Kuna kitu kingine huenda hukukiona. Kulikuwa na kijiji cha Stowe. Bustani ilivyopanuka, kijiji kilisogezwa kidogo kidogo mpaka kikaisha. Lililobaki ni kanisa, limezungukwa na miti ili lisiharibu mandhari. Ukirudi, litafute upande wa mashariki wa jumba. Ardhi ile ilishawapoteza wenyewe kabla matajiri wake hawajaipoteza.

Cobham alikufa 1749 bila mtoto. Mali ikaenda kwa dada yake aliyeolewa na Grenville, kisha kwa mwanawe, Earl Temple, na huyu ndiye aliyetoa ile sura ya neoklasiki iliyokushangaza. Wakati ule wasomi wa Ulaya walikuwa wamelewa magofu ya Roma na Ugiriki, na kila mwenye uwezo alitaka nguzo, pembetatu juu ya baraza, na ulinganifu usio na kasoro. Mwaka 1771 msanifu majengo Robert Adam alichora uso mpya wa kusini. Binamu wa familia, Thomas Pitt, akaurekebisha mchoro, ukajengwa. Ni ukuta wa karibu mita 140, mkubwa kiasi kwamba ukisimama karibu huwezi kuuona wote. Earl Temple alikufa 1779 kwa kurushwa na gari lake la farasi, naye hakuacha mtoto. Mpwa wake George akarithi, akakamilisha mwaka 1788 ule ukumbi wa duaradufu ulio katikati, wenye kuba lililoigwa Pantheon, hekalu la kale la Roma, na nguzo 16 zinazoonekana kama marumaru nyekundu. Si marumaru. Ni plasta iliyotiwa rangi na kusuguliwa mpaka ikang'aa, ufundi wa Kitaliano.

Ukoo huu ulikuwa na kipaji kimoja kilichoupita hata ujenzi: kuoa warithi. Kila ndoa kubwa iliongeza jina na ardhi, mpaka mtawala wa pili wa Buckingham akawa anaitwa Temple-Nugent-Brydges-Chandos-Grenville. Katika maktaba iliyosanifiwa na John Soane mwaka 1805, dari ina ngao ya ukoo iliyokatwa vipande zaidi ya 700, kila kipande ni familia waliyoungana nayo. Hiyo ndiyo taarifa yao ya benki, ila imepakwa rangi.

Lakini ardhi haikuwa chanzo pekee. George alipewa tangu utotoni cheo cha mshika hazina wa taifa, kazi isiyokuwa na kazi, ambayo malipo yake yalipanda kadiri serikali ilivyotumia fedha. Vita na Napoleon viliifikisha zaidi ya pauni 20,000 kwa mwaka. Cheo kilikuwa cha maisha yake tu. Alipokufa 1813, mfereji ukakauka siku ileile, na mwanawe akaendelea kuishi kana kwamba bado unatiririka. Huyo mwana alipandishwa kuwa mtawala wa kwanza wa Buckingham na Chandos mwaka 1822. Kufikia 1827 alipanda mashua yake kwenda kuzunguka Mediterania miaka miwili, kisingizio kikiwa ni kubana matumizi, na huko akanunua mawe na sanamu.

Hapa sasa ndipo penye moyo wa swali lako, nisome taratibu.

Mali za makabaila wa Kiingereza zilikuwa zimefungwa kisheria. Bwana wa jumba hakuwa mmiliki kamili. Alikuwa mwenye kula mapato maisha yake yote, na mali yenyewe ilikuwa imewekewa mwanawe, na mwana wa mwanawe. Watu wa pwani mnaojua wakfu wa familia mtaelewa haraka: unaruhusiwa matunda, hukati mti. Hakuweza kuuza, na kukopa kwake kulikuwa na mipaka. Isipokuwa jambo moja. Mrithi akifikisha miaka 21, yeye na baba yake wakitia sahihi pamoja, kifungo kinafunguka. Kwa hiyo katika familia hizi siku ya kuzaliwa ya 21 haikuwa ngoma na vinywaji tu. Ilikuwa siku baba anahitaji kitu kutoka kwa mtoto. Na kijana wa umri ule, anayeishi kwa posho ya baba yake, anasema hapana vipi?

Mtawala wa pili, yule wa Jamaica, alirithi madeni mwaka 1839 akayazidisha. Watu husema aliponda mali kwa anasa, na kweli alikuwa na anasa na wanawake. Lakini wanahistoria waliokaa na vitabu vyake vya hesabu wanakuta jambo baya zaidi kuliko karamu. Alikuwa akinunua ardhi kwa mkopo. Alitaka wapangaji wengi, kwa sababu wapangaji walikuwa kura. Kipengele kilichowapa wapangaji wakubwa haki ya kupiga kura katika sheria ya 1832 alikiingiza yeye mwenyewe, na alipenda kuitwa Rafiki wa Wakulima. Shida ni hesabu. Ardhi ya kilimo Uingereza wakati ule ilizaa kama asilimia 3 ya bei yake kwa mwaka, na rehani ilitoza 4 au 5. Chukua mfano: umekopa 100,000 kwa riba ya 4.5, unadaiwa 4,500 kila mwaka. Shamba linakupa 3,000. Pengo la 1,500 utalikopea. Mwaka unaofuata unalipia riba ya shamba na riba ya pengo. Kwa macho ya jirani unazidi kuwa mkubwa, kila shamba jipya ni shangwe. Kwenye daftari unazama, na kasi ya kuzama inaongezeka kila ukinunua.

Kwa hiyo mwanawe, Marquess wa Chandos, alipofikisha 21 mwezi Septemba 1844, kifungo kikafunguliwa. Januari 1845 Malkia Victoria na Albert walikaribishwa Stowe siku kadhaa kwa fahari kubwa, wakati mwenyeji ameshafika shingoni. Agosti 1847 madalali wa mahakama waliingia ndani ya jumba. Agosti 1848 mnada ukaanza, ukachukua siku 40. Vyombo, mvinyo, zulia, sanamu, picha, kila kitu kilibandikwa namba. Jumla ilipatikana pauni 75,562, na linganisha hiyo na deni. Picha maarufu inayosemekana kuwa ya Shakespeare, ile inayoitwa ya Chandos, ilichukuliwa na Earl wa Ellesmere, naye akaitoa mwaka 1856 ikawa picha ya kwanza kabisa kusajiliwa National Portrait Gallery pale London. Unaweza kwenda kuiona. Mkewe bwana huyu akamtaliki 1850. Yeye mwenyewe alifia hotelini mwaka 1861, katika hoteli ya stesheni ya Paddington.

Na yule kijana? Huyu namheshimu, ingawa simfanyi malaika. Alichukua usukani, akauza ardhi, akamtengea baba yake posho, kisha akatafuta kazi. Mrithi wa cheo cha juu kabisa cha ukabaila akawa mwenyekiti wa kampuni ya reli ya London and North Western mwaka 1853. Baadaye alikuwa waziri wa makoloni, kisha gavana wa Madras, ambako aliikuta njaa kubwa ya 1876 hadi 1878, nayo ni habari nyingine nzito. Stowe aliirudisha kuwa nyumba inayokalika, bila ufahari wa zamani. Alikufa 1889 akiwa na mabinti watupu. Utawala wa Buckingham ukafa naye kwa kukosa mwanamume; jumba likaenda kwa binti mkubwa, Lady Kinloss. Watu wengi hudhani cheo na nyumba vinatembea pamoja. La. Cheo cha Cobham, kwa mfano, kilikwenda kwa ukoo mwingine kabisa.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Jumba lilipangishwa kwa Comte de Paris, aliyedai kiti cha ufalme wa Ufaransa, naye akafia humo 1894. Mrithi wa Lady Kinloss aliuawa vitani 1914. Mwaka 1921 familia ikauza, na Harry Shaw akanunua jumba kwa pauni 50,000 akitaka kulitoa kwa taifa, lakini hakuna aliyekuwa na fedha za kulitunza. Likanunuliwa kwa ajili ya shule, na shule ikafunguliwa Mei 1923. Msanifu majengo Clough Williams-Ellis aliinunua kwa fedha zake ile barabara ndefu ya miti ili isijengwe nyumba. Simba wawili wa sanamu za madini ya risasi waliokuwa wakilinda ngazi za kusini walihamia bustani ya Stanley Park kule Blackpool. Waliopo sasa ni nakala. Shule iliitoa bustani kwa National Trust mwaka 1989, na tangu 1997 kuna shirika la amana lililoundwa mahsusi kwa ukarabati wa jumba, huku wanafunzi wakiendelea kuishi mlemle. Ndiyo maana uliona wenye bustani ni hawa na wenye kengele ya vipindi ni wale.

Sasa turudi Tanga. Mimi ni mtu wa historia ya majumba, si wakili, na baba yako simfahamu. Sitakuambia usitie sahihi. Mkopo si dhambi, na wapo walioweka nyumba dhamana wakasomesha ukoo mzima. Ninachoweza kukuonyesha ni swali ambalo hakuna aliyempa kijana wa Stowe nafasi ya kuliuliza: hicho kinachonunuliwa kitazaa zaidi ya riba, au kidogo? Riba za benki kwetu mara nyingi zinapita asilimia 10. Shamba la pili lizae nini, kwa bei gani, baada ya misimu mingapi, na mvua ikigoma marejesho yatatoka mfuko upi? Kama jibu ni "ardhi haipungui thamani", hilo si jibu. Ardhi ya Stowe pia haikupungua thamani kiasi hicho. Marejesho hulipwa kwa mapato.

Angalia pia shamba la kwanza. Kama linajiendesha na linabakiza kitu, baba ana hoja, na pengine anunue kiasi kidogo kwa akiba bila kugusa nyumba. Kama la kwanza linalishwa na fedha mnazotuma ninyi, la pili litakuwa mdomo mwingine. Kuna njia ya kati: mkopo mdogo wenye ukomo ulioandikwa, dhamana ikiwa ni shamba lenyewe linalonunuliwa, nyumba ikibaki nje. Au ninyi watoto mchangie ununuzi na majina yenu yaingie. Zote zina usumbufu wake. Hii ya mwisho inaweza kuleta ugomvi wa ndugu miaka 20 ijayo, kwa hiyo msiichague kwa sababu tu inampendeza mzee leo.

Na hilo la kwamba Ulaya imekubadilisha: mpigie, usimwandikie. Mwambie, "Shikamoo baba, sijakataa, naomba tupige hesabu pamoja." Akileta hesabu, mmeshavuka nusu ya njia. Akikasirika kwa kuombwa hesabu, hiyo nayo ni taarifa.

Kabla ya sahihi yoyote, tafuta wakili aliyeko Tanga, wa kwako, asiyelipwa na baba wala na benki. Afanye upekuzi wa hati kwa msajili ajue kama nyumba haina deni jingine tayari. Kama hati bado ina pia jina la marehemu babu, hakuna cha kuweka dhamana mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama. Kama mama yenu yupo na hiyo ni nyumba ya ndoa, ridhaa yake inatakiwa kisheria, na benki makini itaiulizia. Ukitumiwa hati ya uwakilishi uisaini Uingereza na kuithibitisha, hakikisha imetaja nyumba ipi, benki ipi na kiwango cha juu cha mkopo. Inayosema "mambo yangu yote" irudishe. Na kaka yako aende kwa wakili siku ileile uliyoipanga wewe, au ajiunge kwa simu, maana sahihi zinazohitajika ni mbili na hujaniambia yeye anafikiri nini.